Kijiko cha Mama Futi

Mke wangu hupima kila kitu. Mtaani wanamwita Mama Futi, kwa sababu futi yake ya kitambaa haitoki shingoni hata akiwa jikoni, na wapo wanaoapa kwamba siku ya harusi yetu alinirekebishia pindo la suruali mbele ya wageni. Ni kweli, alinirekebishia. Ni mshonaji. Kwa miaka ishirini na sita amekaa katika chumba cha tatu cha safu ya maduka nyuma ya kituo cha mafuta, na vyerehani viwili, meza moja ya kukatia, na mwenzake mmoja ambaye ni hodari wa vifungo na hafai kabisa kutunza siri. Mteja akiingia hupimwa kwa macho kabla hajapimwa kwa futi. Akidanganya kuhusu kiuno chake, huambiwa papo hapo: "Dada, hii nguo utaivaa wewe au ataivaa yule uliyekuwa mwaka juzi?"

Mimi ni seremala. Jina langu la mtaani ni Nyuzi Tisini, maana sitoi meza wala mlango mpaka kila pembe ikae barabara kwenye skwea, kile kipimo chetu cha pembe. Ukinionyesha kabati lililopinda nyumbani kwako sitakusikiliza tena, nitakuwa naliangalia kabati. Nalitaja hili mapema kwa sababu kosa langu lilianzia humo, na sitaki mtu adhani lilianzia kwenye ubaya. Ingawa siku hizi sina hakika kama tofauti hiyo ina maana yoyote kwa aliyekosewa.

Mwaka jana Mama Futi alianza kuwa na kiu isiyokatika na kuchoka kabla ya saa tano. Kipimo kikasema kisukari. Hakulia. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda akiwa na karatasi ya majibu, akaniambia kitu kimoja tu.

"Sindano siiogopi, nimechomwa na sindano maisha yangu yote. Ni macho, Fundi. Naogopa macho."

Nilijua anachosema. Mama mkwe wangu naye alikuwa mshonaji, na ugonjwa huohuo ulimla macho taratibu. Miaka yake ya mwisho alikuwa akikaa pembeni ya meza ya kukatia, akipapasa vitambaa na kutaja aina zake kwa vidole, na wateja walikuwa wakimsifu kwa sauti kubwa, kama watu wanavyomsifu mtoto. Mke wangu alikuwa palepale anashona huku anasikiliza sifa hizo.

Basi akaushika ugonjwa wake kama anavyoshika kazi yake. Alichukua daftari jipya la wateja, lile lenye safu za kifua, kiuno, nyonga na maelezo, akafuta vichwa vitatu vya mwanzo na kuandika: asubuhi, saa sita, jioni. Safu ya nne akaiacha kama ilivyo. Kwa wateja, safu ya maelezo ni ya kuandika "bega la kushoto limeshuka" au "anataka mifuko, hata kama haipendezi". Kila siku alijitoboa kidole kwa kile kimashine kidogo, akasoma namba, akaandika. Aliacha soda, akaacha mikate mitamu, akaanza kutembea mpaka kwenye tangi la maji na kurudi. Kwa miezi miwili namba zilishuka vizuri, zikakaa kwenye sita na saba, na nyumbani kukawa na utani tena.

Tatizo lilikuwa saa nne. Saa nne njaa ilikuwa inamshika kiasi cha mikono kutetemeka, na mikono ikitetemeka mkasi unakata palipokatazwa. Sista wa kliniki, ambaye alikuwa na darasa lake la wagonjwa kila Alhamisi, akawafundisha kutengeneza vipande vya karanga na matunda. Karanga zilizokaangwa bila chumvi, korosho, mbegu za maboga, tende chache zilizotolewa kokwa na zabibu kavu kiganja kimoja. Unatwanga, unachanganya, unakandamiza kwenye chombo bapa, unaweka kwenye friji, unakata vipande vya upana wa vidole viwili. Kipande kimoja saa nne, basi.

"Hakuna sukari," Sista alisema, akizunguka na kuwatazama mmoja mmoja. "Hakuna shira. Na asali nayo ni sukari, jamani, msije mkanidanganya hapa kwamba nyuki hawatengenezi sukari."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimemsindikiza mke wangu, nikacheka pia. Kwa hiyo siwezi kusema sikusikia.

"Vipande niachie mimi," nilimwambia njiani. "Wewe shona."

Nilitengeneza kalibu ya mbao ngumu, yaani kisanduku kisicho na mfuniko cha kukandamizia mchanganyiko, nikaipiga msasa mpaka ikawa laini kama kigae. Nikatwanga, nikachanganya, nikakandamiza kwa kipande cha ubao kilichotoshea ndani bila hata nafasi ya kucha. Asubuhi nikapindua. Vilitoka makombo. Mara ya pili nikatwanga tende zaidi zikawa laini, vikatoka vipande, lakini ukivigusa vinamomonyoka pembeni. Sijui kama naweza kumweleza mtu asiye seremala jinsi nilivyojisikia. Mke wangu alicheka tu, akayajaza makombo kwenye kikopo chenye mfuniko na kwenda zake kazini.

Wiki hiyo nilipita dukani kwake kuacha msumeno niliomnolea mwenye duka la jirani. Ilikuwa saa nne na robo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kikopo mapajani, anakula makombo yangu kwa kijiko kidogo cha chai, na mteja mmoja mwenye viatu vya gharama amesimama anamtazama. Mteja hakusema kitu. Mimi ndiye niliyesema, tena moyoni: huyo ni mke wa Nyuzi Tisini, anakula kazi ya mumewe kwa kijiko kama chakula cha kuku. Sikupata pa kuuweka uso. Niliacha msumeno mlangoni nikaondoka bila hata kuaga.

Kalibu ya tatu niliitia asali.

Kijiko kimoja tu. Niliichemsha kidogo kwanza, maana gundi yoyote hushika vizuri ikiwa ya moto, na hilo ndilo jina nililoiita kichwani: gundi. Vipande vilitoka vimeshikana, kidogo tu vikilegea pembeni. Kalibu ya nne nikatia vijiko vitatu. Ya tano nikafika nusu kikombe, na siku hiyo niliviweka mezani nikachukua skwea, nikapima. Nyuzi tisini. Nilivifunga kimoja kimoja kwenye karatasi, nikampa mke wangu saba kwa wiki nzima, na kichwa changu kilivimba kiasi cha kutaka kupasuka.

"Mmh," alisema alipoonja. "Tende za safari hii tamu kweli."

"Za muuzaji mpya," nikajibu. Huo ndio uongo wa kwanza nilioutamka kwa mdomo. Mwingine mwingi niliufanya kwa mikono.

Wiki ya pili namba ya saa sita ilikuwa tisa. Baadaye kumi. Siku moja kumi na mbili na ushee. Mama Futi alikitazama kimashine, akakitikisa, akajitoboa kidole kingine. Kumi na mbili na ushee. Alianza kujichunguza kama anavyochunguza nguo isiyomkaa mteja: mshono uko wapi, nimekosea wapi? Akaacha ndizi yake nusu ya asubuhi. Akaacha kuonja anapopika. Akaenda mpaka kwenye tangi la maji mara mbili badala ya moja, akarudi viatu vimejaa vumbi, mimi nimekaa barazani na chai yangu.

Nilijua. Wacha niseme bila kuzungukazunguka: nilijua toka wiki ile ya pili. Lakini mtu akitaka kutojua ana njia nyingi. Nilijiambia asali ni ya asili, haitoki kiwandani. Nilijiambia kipande chenyewe ni kidogo. Nilijiambia labda ni umri, labda ni mawazo, labda kimashine kimechakaa, na hata nikajitolea kwenda kubadilisha betri zake. Nikabadilisha, nikashukuriwa.

Mara moja nilijaribu kurudi nyuma kimyakimya. Nikapunguza asali ikabaki vijiko viwili, vipande vikaanza kumomonyoka. Jioni mke wangu alikuja na kipande kiganjani, amekikusanya na makombo yake.

"Fundi, mkono umelegea? Unaumwa?"

"Nilikuwa na haraka."

"Usijichoshe kwa ajili yangu. Unafanya mengi mno."

Kwa maneno hayo ningeangua kilio au ningesema kweli. Sikufanya hata kimoja. Kalibu iliyofuata nikarudisha nusu kikombe.

Kisha mambo yakawa mabaya zaidi, na kwa sababu ambayo mpaka leo ikinijia nikiwa nashika randa hulazimika kuiweka chini. Ili kujibana zaidi, aliamua kuacha chakula cha mchana. Badala ya sahani akawa anakula vipande vyangu viwili. Ndicho kitu pekee ambacho hakukishuku. Alikuwa ameshuku mchele, maharage, chai ya mwenzake, usingizi wake mwenyewe na hasira zake kwa wateja. Vipande vilitoka kwa Sista vikapitia mikononi mwangu, kwa hiyo vilikuwa salama.

Daktari alimwambia wazi: "Mama, tuonane Jumanne ya mwisho wa mwezi. Namba zikibaki hivi, vidonge havitoshi tena, tutaanza sindano. Na lazima tuanze kuangalia macho."

Alirudi nyumbani akanisimulia yote akiwa anamenya vitunguu, nami nikatafuta kisu kingine ili nisimtazame. Alipomaliza akasema, "Nisamehe. Unajitahidi wewe, mimi nakuangusha."

"Huniangushi," nikasema. Hayo tu. Mke wangu ananiomba radhi kwa kosa langu, nami nikalipokea lile ombi kama mtu anayepewa zawadi.

Jumatatu ya kuamkia kliniki nilikwenda dukani kwake kurekebisha mguu wa meza ya kukatia. Yeye alikuwa ametoka kupeleka sare za shule. Mwenzake wa vifungo aliniinamia akijifanya anatafuta pini.

"Shemeji, usimwambie nimekwambia. Dada jana alishindwa kupitisha uzi kwenye sindano. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwishowe akaniletea mimi, akasema mwanga wa chumba hiki ni mbaya. Mwanga gani? Ilikuwa saa saba mchana, mlango wazi."

Nilibaki chini ya meza na nyundo yangu. Mguu ulikuwa umeshakazwa lakini sikutaka kutoka. Nilimwona mama mkwe wangu akipapasa vitambaa kando ya meza hiihii, tena mguu huuhuu wa meza niliwahi kuutengeneza akiwa hai. Nilipoinuka, daftari lilikuwa juu ya kitambaa cha bluu, limefunguliwa. Sijawahi kusoma daftari la mke wangu. Siku hiyo nililisoma.

Namba nilizijua. Sikujua ile safu ya nne. Kando ya kila namba ya juu alikuwa ameandika maelezo, kwa herufi zake ndogo zilizonyooka: "Nimelala mchana." "Nimekula ndizi nusu, sirudii." "Sikutembea, mvua." "Nimemkasirikia mteja." "Nimeonja mchuzi." "Nimekunywa chai ya mwenzangu, maziwa mengi." Ukurasa baada ya ukurasa, mtu anaungama dhambi ambazo si zake. Kuelekea mwisho dhambi zilimwishia. Palikuwa na "Sijui", chini yake "Sijui", chini yake "Sijui tena." Na mstari wa jana: kumi na nne nukta moja. "Labda ndivyo nilivyoumbwa. Mume wangu asiambiwe ya uzi."

Usiku huo sikumwambia. Nataka hilo lijulikane pia. Nilimwaga asali yote iliyobaki, nikaosha chupa, nikaivunja vipande na kuvifunga kwenye gazeti, na bado mdomo ukakataa.

Nilimwambia kwenye benchi la kliniki. Alikuwa na kadi namba kumi na tatu, na mlangoni waliita namba tisa. Alikuwa amevaa gauni lake la kijivu la siku za maana, daftari ndani ya mfuko wa plastiki, na alikuwa akinyoosha pindo ambalo halikupinda.

"Mama Futi," nikasema, "ile sukari si yako."

"Ya nani sasa, ya jirani?"

"Ni yangu. Nimekuwa natia asali kwenye vipande."

Hakugeuka. Namba kumi iliitwa, mzee mmoja akainuka kwa shida na mkongojo wake, na sote wawili tukamsubiri apite.

"Asali kiasi gani?" akauliza.

Hata hapo, alitaka kipimo.

"Mwanzoni kijiko. Sasa hivi nusu kikombe kwa kalibu."

"Tangu lini?"

"Tangu kalibu ya tatu."

Alihesabu kwa kugusa vidole kwenye paja lake. "Wiki tisa."

"Wiki tisa."

"Na zile tende za muuzaji mpya?"

"Hakuna muuzaji mpya."

Namba kumi na moja. Nilingoja anitukane. Ningefurahi, kusema kweli. Badala yake akauliza kwa sauti ya chini, ile anayotumia akiwa na pini mdomoni, "Kwa nini?"

"Vilikuwa vinamomonyoka. Siku moja nilikuja dukani nikakukuta unakula kwa kijiko, na yule mteja amesimama. Niliona aibu."

"Aibu yangu au yako?"

Nikafikiria kusema yake. Ilikuwa karibu sana na ulimi. Namba kumi na mbili ikaitwa.

"Yangu," nikasema.

Sasa akanigeukia. Macho yake yalikuwa makavu, na nikaona akiyakaza kidogo ili anione vizuri, na hilo lilinichoma kuliko tusi lolote.

"Mimi nilikuwa nakipenda kile kijiko," akasema. "Nilikuwa nakula polepole, punje moja moja. Dakika kumi nzima niko kwenye kigoda sifanyi kitu. Wateja wanasubiri. Miaka ishirini na sita, sijawahi kuwa na dakika kumi. Ulipoleta hivyo vyako vya skwea, nikawa nauma mara mbili, nimemaliza, narudi kwenye cherehani. Hujaniuliza. Hata siku moja hujaniuliza kama nataka kilichonyooka."

"Namba kumi na tatu," akaita muuguzi.

Nikainuka naye. "Kaa hapohapo," akasema, nikakaa.

Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa na karatasi mbili. Hawataanza sindano bado. Wamempa wiki nne, vidonge vilevile, na chakula cha mchana kirudi leo leo. Karatasi ya pili ni ya kupima macho wiki ijayo. Daktari alisema ukungu wa macho mara nyingi hupungua sukari ikishuka, lakini hawezi kumwahidi, lazima waangalie ndani.

"Umemwambia ni mimi?"

"Nimemwambia kuna asali ilikuwa inaingia kwenye chakula changu. Hakuuliza imeingiaje." Akakunja karatasi mara nne, kingo kwa kingo. "Na mimi sikusema."

Nyumbani alikula wali kidogo na maharage, sahani yake ya kwanza ya mchana kwa wiki nyingi, nami nikakaa mbele yake bila kuthubutu kushika kijiko. Alipomaliza akafuta meza, akaweka daftari mbele yangu, akalifungua kwenye ukurasa ambapo namba zilianza kupanda. Akavua futi shingoni, akailaza chini ya mstari kama rula, akanipa kalamu.

"Safu ya nne," akasema. "Kata nilichoandika mimi. Andika ukweli."

Nikakata "Nimelala mchana", nikaandika: asali. Akashusha futi mstari mmoja. Nikakata "Nimekula ndizi nusu, sirudii", nikaandika: asali. Akashusha. Mvua, asali. Mteja, asali. Mchuzi, asali. Mwandiko wangu ni mbaya, wa mtu aliyezoea kuandika kwenye mbao, na kando ya herufi zake ulionekana kama mikwaruzo. Sikuruhusiwa kufanya haraka. Kila mstari alisubiri wino ukauke, ndipo anasogeza futi. Mahali palipoandikwa "Sijui" nilikata, nikaandika: asali, mara tatu.

Tulifika mwisho. "Labda ndivyo nilivyoumbwa. Mume wangu asiambiwe ya uzi."

Niliweka kalamu chini. Nikamwambia huo siwezi, anisamehe, mingine yote nimeandika lakini huo siwezi.

Alisogeza futi chini ya mstari, akainyoosha kwa kidole mpaka ikakaa sawasawa na karatasi. Kisha akaokota kalamu, akanirudishia mkononi.

"Na hapo pia, Fundi."